Huu Ukimya ni wa Nani?

Ukisimama mbele ya seva iliyogoma kupokea unachoandika, usianze na Enter. Karibu kila mtu huanza na Enter, tena kwa kuitwanga, na Enter haikuambii lolote. Bonyeza Num Lock, kisha tazama kile kitaa kidogo cha kwenye kona ya juu ya kibodi. Kimewaka? Kimezimika? Kimebaki vilevile?

Wengi wanakichukulia kitaa kile kama taa ya sebuleni na swichi yake: bonyeza hapa, iwake pale, na mambo yote yameishia ndani ya kibodi yenyewe. Sivyo. Kibodi haina mamlaka juu ya taa zake. Unapobonyeza Num Lock, inachofanya ni kupeleka taarifa kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, basi. Mfumo endeshi ndio unaoipokea taarifa hiyo, ukaamua kwamba kuanzia sasa vitufe vya upande wa kulia viandike tarakimu, kisha ukairudishia kibodi amri: washa taa. Habari imekwenda na imerudi, na wewe hujamaliza kupepesa jicho. Kwa hiyo kitaa kikibadilika umeshajua mengi kwa mpigo mmoja. Kebo ni nzima, tundu ni zima, umeme unafika, na upande wa pili yupo anayesikia. Kilichonyamaza kiko mbele zaidi, na sasa angalau unajua pa kuanzia kukitafuta.

Nimekaa kwenye kazi ya kuhudumia seva muda wa kutosha kuichukia sentensi moja: "Kibodi imekufa." Huletwa kwa simu, asubuhi na mapema, na mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Kibodi hufa, ndiyo, hasa zinazomwagiwa chai. Lakini kati ya kidole chako na herufi inayotokea kwenye skrini kuna msururu mrefu: kitufe, chipu iliyo ndani ya kibodi, kebo, mara nyingi swichi ya KVM inayoziunganisha seva kadhaa na skrini moja, tundu la mgongoni mwa seva, kidhibiti cha USB, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, programu inayosubiri kusoma, programu inayochora herufi, na mwisho waya wa skrini. Chochote kati ya hivyo kikinyamaza, aliyekaa kwenye kiti anaona jambo lilelile, yaani haoni kitu. Hata skrini yaweza kuwa ndiyo mwongo: unaandika, seva inapokea kila herufi, ila picha unayoitazama imeganda tangu jana.

KVM naitaja kwa jina kwa sababu ina hila yake. Kompyuta nyingi za zamani zilipowaka bila kuona kibodi zilisimama njiani na kuandika kwenye skrini kwamba kibodi haipo, bonyeza F1 uendelee. Mafundi wamecheka mzaha huo kwa miongo mingi, maana hiyo F1 utaibonyeza wapi. Ili kuepusha kadhia hiyo, swichi ya KVM hujifanya kibodi mbele ya kila seva, hata ile ambayo hujaichagua. Matokeo yake seva inaamini ina kibodi, wewe unaamini umeishika seva, na katikati kuna kisanduku kinachomjibia kila mmoja kwa niaba ya mwenzake. Ukipata shaka, kiruke. Chomeka kibodi moja kwa moja mgongoni mwa seva, urudie Num Lock.

Mbali na kitaa kubadilika au kubaki vilevile, kuna pia jibu la tatu, lisilohitaji ubonyeze chochote. Kwenye Linux, keneli ikipatwa na hitilafu isiyoweza kuendelea nayo, taa za kibodi ya PS/2 huanza kupepesa zenyewe. Ukikuta hivyo, achana na kebo.

Kibodi za zamani na za sasa hazitofautiani kwa plagi tu. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta zake za Personal System/2, na plagi yake ya duara yenye pini sita ikabaki na jina hilo hadi leo, PS/2. Baadaye ikapewa rangi ya zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya. Kibodi ya PS/2 hukatiza mazungumzo. Ukibonyeza kitufe, prosesa inaachishwa ilichokuwa ikikifanya ili isikilize. USB, iliyotoka mwaka 1996, iligeuza utaratibu huo. Kibodi ya USB haisemi mpaka iulizwe. Kompyuta ndiyo inayopita kila baada ya milisekunde chache na kuuliza, una lolote? Kibodi isiyo na la kusema hujibu kwamba haina, na maswali yanaendelea hivyo mchana kutwa na usiku kucha bila wewe kujua. Ukibonyeza herufi, habari yake inakaa ndani ya kibodi ikingoja zamu.

Sasa chukulia kwamba kidhibiti cha USB kimekwama, au mfumo umekilaza ili kuokoa umeme na hukumbuki nani aliusanidi hivyo. Hakuna anayeuliza tena. Kibodi ni nzima, ina la kusema, na haina hata njia ya kulalamika. Anayepita anaiona imenyamaza na kuinyooshea kidole. Nakiri kwamba jambo hili hunirudia kichwani hata ninapokuwa mbali na kompyuta, hasa kwenye vikao, pale mtu wa pembeni ya meza anapoambiwa hana mchango.

Niliitwa siku moja kwenye ofisi ya mkoani ambako seva ya mafaili ilikuwa, kwa maneno yao, imeganda. Walishabadilisha kibodi, wakaazima nyingine kwa mhasibu, wakarudisha ya kwanza, na kila aliyepita mlangoni alikuwa amejaribu bahati yake. Getini nilimkuta mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa hajaondoka kwa sababu mwenzake wa mchana alichelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ile mashine?"

"Ndiyo, mzee wangu. Usiku palikuwaje hapa?"

Umeme ulikatika, akasema. Jenereta ikaitika, taa zikarudi, ila chumba cha mwisho cha korido hakikurudi. Anajua kwa sababu anapozunguka jengo huwa anasikia feni inavuma nyuma ya dirisha la chumba kile, na usiku huo, tangu umeme ukatike, haikuvuma. Nikamuuliza kama amemwambia mtu. Akacheka kidogo.

"Nani aniulize mimi mambo ya kompyuta?"

Ndani, Num Lock ilibadilika vizuri kabisa. Seva yenyewe ilikuwa imevuka usiku kwa betri yake na jenereta. Keneli ilikuwa hai. Nikabonyeza Alt na F2 kwenda konsoli ya pili, nikapata mahali pa kuingilia, na kumbukumbu za keneli zikaeleza yote kwa sentensi moja iliyojirudia hadi chini ya skrini: mashine ya mafaili haijibu, bado ninajaribu. Mashine hiyo, kasha la diski ambalo seva huchota mafaili yake kwa kupitia mtandao wa ndani, ilikuwa kwenye chumba cha mwisho cha korido. Breka ya chumba ilikuwa imeshuka. Seva ilikuwa ikisubiri tu, kwa uaminifu, jinsi ilivyoagizwa na aliyeisanidi, kwamba usikate tamaa, uliza tena. Aliyefika wa kwanza asubuhi alikuta konsoli imeachwa wazi ndani ya folda iliyo kwenye kasha lile lililozimika, akaandika mwanzo wa jina la faili, akabonyeza Tab ili lijikamilishe. Papo hapo programu inayosoma vibonyezo vyake ikaenda kuuliza kwenye kasha, na haikurudi. Alichoandika baada ya hapo hakikuonekana. Ndipo ikasemwa kibodi imekufa.

Tuliinua breka, feni ikavuma, na baada ya muda konsoli ya kwanza ikazinduka. Hapo ndipo palipokuwa na sinema. Kila kilichobonyezwa tangu asubuhi keneli ilikuwa imekitunza, ikimngojea msomaji: Enter kwa mistari na mistari, asdfasdf, hallo, hallo tena, jina la mtu, na tusi moja ambalo mhariri hataniruhusu. Vyote vilimwagika kwa pamoja, na seva ikajibu kimoja kimoja kwa adabu kwamba haiitambui amri hiyo. Tusi nalo lilijibiwa vivyo hivyo. Kisha ikafika kwenye neno ambalo mmoja wao, kwa kukata tamaa, alikuwa ameliandika bila kukosea herufi: jizime, uwake upya. Hilo ililitambua. Ikajizima mbele ya macho yetu, na wakati huo ndio kwanza imepona.

Mhasibu alicheka hadi akatafuta kiti. Mimi nilichokipenda ni kwamba kibodi iliyotupwa pembeni kwa kosa la kutosikilizwa ilikuwa imesikilizwa tangu mwanzo, neno kwa neno, hadi tusi.

Mhasibu yule alikuwa na hoja lakini. Akaniuliza, kama ingezimwa kwa nguvu asubuhi, si yangeishia palepale? Kwa siku ile, haingesaidia kitu, kwa kuwa kasha la diski lingebaki limezimika na seva ikiwaka ingelisubiri upya. Ila swali lake ndilo swali la kila mtu, na jibu lake refu linahusu kitufe cha kuwashia, mshindani mkuu wa kazi hii. Kipo karibu, hakigomi, na anayekishikilia kwa sekunde chache anaonekana amefanya jambo. Seva ikiwaka upya na kibodi ikaandika, watu wanakupa mkono. Hakuna anayeuliza hifadhidata ilikuwa katikati ya kuandika nini ilipokatwa pumzi, na malipo ya nani yamebaki nusu. Hasara inaonekana wiki mbili baadaye kwenye dawati la mtu mwingine.

Linux inayo njia ya kistaarabu zaidi, nayo imejificha kwenye kitufe ambacho wengi hawajawahi kukigusa. SysRq ilianza kuonekana kwenye kibodi ya PC/AT ya IBM mwaka 1984, kwa ajili ya kuongea na mfumo moja kwa moja, halafu programu nyingi zikakisahau. Siku hizi kinakaa pamoja na Print Screen. Shikilia Alt pamoja nacho, kisha bonyeza S: data iliyobaki kwenye kumbukumbu inaandikwa kwenye diski. Kisha U: diski zinafungwa zisiandikwe tena. Kisha B: waka upya. Amri hizi keneli huzipokea yenyewe, hazipiti kwenye programu yoyote iliyokwama. Mifumo mingi huletwa ikiwa imezuia baadhi ya herufi hizo, kwa sababu za kiusalama zenye mantiki, kwa hiyo kagua zako siku ambayo hakuna kinachoungua.

Upo pia ukimya ulioagizwa na mhusika mwenyewe. Mtu amezoea kuhifadhi nyaraka zake kwa Ctrl na S. Anakuja kwenye konsoli, vidole vinafanya vilichozoea, skrini inasimama, na kila anachoandika hakionekani. Konsoli imetii amri ya enzi za mashine za maandishi kama Teletype Model 33 ya mwaka 1963, ambako alama hiyo ilisimamisha kisomaji cha utepe wa karatasi, na Ctrl na Q ikakiendesha tena. Tepe za karatasi zimeondoka, amri imebaki. Bonyeza Ctrl na Q, uendelee na maisha. Windows nayo ina ya kwake: shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, na litatokea swali kama unataka kibodi ipuuze vibonyezo vya haraka au vinavyojirudia, huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka. Anayetwanga Enter bila kusoma ameshakubali, na dakika inayofuata anapiga simu.

Kinachonitia wasiwasi wa kweli ni kile kipindi cha katikati, seva inapowaka. Hapo kibodi hubadilisha mwenyeji. Mwanzo inahudumiwa na BIOS, programu ya awali ya kuwashia kompyuta, au UEFI iliyoirithi. Kisha mfumo endeshi unaichukua, na ili uichukue lazima uwe na draiva ya tundu ilipochomekwa. Kibodi inayotembea vizuri kwenye menyu za BIOS na kunyamaza mara mfumo unapoanza kupanda haina ubovu wowote. Imeangukia kwenye makabidhiano. Chukulia umefunga diski kwa nenosiri, na draiva ya kibodi haimo kwenye kile kifurushi kidogo kinachotangulia kupakiwa: mfumo unakuuliza nenosiri unalolijua, na huna pa kuliandikia.

Kampuni kubwa nazo zimekwaa hapohapo. Mwaka 2015 Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha Skylake, chipu zilizoambatana nazo ziliachana na kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, na diski ya kusakinisha Windows 7 haikuwa na draiva ya kidhibiti kipya. Watu walifika dirisha la kwanza la usakinishaji wakakuta kibodi na kipanya vyote havisikiki. Anayedhani hayo ni ya zamani akumbuke Oktoba 2025, ambapo sasisho la Windows 11 lilinyamazisha kibodi na vipanya vya USB ndani ya mazingira ya uokoaji, yaani mahali penyewe unapokimbilia mfumo unapoharibika. Nje ya mazingira hayo, vifaa vilevile vilifanya kazi kama kawaida, kwa hiyo mtu hakuwa na sababu ya kushuku mpaka siku aliyovihitaji. Microsoft ilitoa marekebisho baada ya siku chache. Plagi ya duara ya mwaka 1987, ambayo watu huionyeshana kwa kicheko, haikuhusika na mkasa ule.

Na kuhitajika, kibodi zilishahitajika. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Tiba ilikuwa kufuta faili moja. Ila kompyuta isiyomaliza kuwaka haifikiki kwa mtandao, na kwa nyingi kati ya hizo ilibidi mtu aende kwa miguu yake, asimame mbele ya mashine, aiwashe katika hali salama, na pale diski ilipofungwa kwa BitLocker aandike ufunguo wa tarakimu 48. Kisha mashine inayofuata. Mafundi waliokuwa wamezoea kurekebisha kila kitu kutoka mezani kwao walijikuta kwenye korido wakisukuma toroli lenye skrini na kibodi. Nikizisoma habari zile nilijiuliza wangapi walikuta kibodi ambayo 7 yake inanata.

Huwa naambiwa kwamba mambo haya yanakwisha, maana seva zinahamia mawinguni. Amazon ilianza kukodisha seva zake za EC2 mwaka 2006, na raha yake ilikuwa hiyo, kwamba hutaingia tena kwenye chumba chenye baridi na kelele. Mwaka 2021 ikaongeza huduma ya konsoli ya siriali, inayomruhusu mteja kuandika moja kwa moja kwa seva yake pale mtandao wa seva hiyo unapokuwa umekatika au umesanidiwa vibaya. Miaka 15 baadaye, kwa maneno mengine, waliona haja ya kuweka pa kukaa na kuandika. Sioni aibu yoyote kwao. Mashine inayoendeshwa kwa mlango mmoja tu siku mlango huo ukifungwa inabaki kuvunjwa, iwe iko Dar es Salaam au Ireland.

Kwa hiyo afisa manunuzi anaponirudishia orodha yangu akiwa amepiga mstari mwekundu kwenye kibodi, humjibu kwa utulivu. Namwambia ni kibodi mbili za waya, zisiwe za Bluetooth, maana Bluetooth nayo inasubiri draiva. Moja ya USB, na nyingine ya plagi ya duara ikiwa seva ina tundu lake. Ziandikwe jina la chumba cha seva kwa kalamu nene ili mhasibu asiziazime. Naye bila kukosa huuliza hiyo ya pili ni ya nini. Ya kupimia ile ya kwanza.